Maksai wa Jilala na Mungu wa Wagiriki

Vijana wangu, kila mnapokuja kuketi kwenye benchi langu la kushonea viatu, hapa Bariadi nyuma ya stendi, mnaniuliza jambo lile lile: mtu anasifiwaje mpaka watu waache walichokuwa wakifanya waje kusikiliza? Nami kila mara nawapa jibu tofauti na la jana, nanyi mnaondoka mkicheka kwamba mzee amechanganyikiwa. Mzee mwenyewe bado niko kwenye arobaini. Nimestaafu mapema kwa sababu koo langu lilistaafu kabla yangu. Lakini kuhusu kuchanganyikiwa, hamjakosea. Nimekula kwa kusifu tangu nilipomaliza kidato cha nne, nimesifu maharusi, marehemu, mafahali na madiwani, na jambo kubwa kuliko yote lililonipata katika kazi hiyo silielewi hadi leo. Naliandika hapa. Labda ninyi mtalielewa.

Kwanza niwape yale niliyo na hakika nayo, maana ni machache. Usinywe soda baridi kabla ya kuimba. Kunywa maji ya uvuguvugu au uji mwepesi. Simama upepo ukiwa mgongoni, uipeleke sauti kwa watu. Ukisimama kinyume utawaimbia mabua ya pamba. Usitazame nyuso za wasikilizaji, tazama miguu yao. Uso unaweza kukuchekea kwa adabu huku mguu umekwisha kugeukia upande wa pili.

Hilo la miguu lilikuwa ndilo kila kitu zamani zetu. Ninyi mnaingia studio, kijana mmoja anawawekea mdundo kutoka Dar, mnaimba mstari mmoja mara saba mpaka ukae sawa, kisha unapigwa kwenye spika na nyinyi mkiwa nyumbani mmelala. Sisi tulishindana uso kwa uso. Vikundi viwili viliingia uwanja mmoja, kimoja huku na kingine kule, vikaanza kucheza kwa wakati mmoja. Watu walikuwa katikati. Waliompenda manju wa huku, yaani mwimbaji kiongozi, walikuja huku, wakichoka walihamia kule, na jua likizama, kikundi chenye watu wengi ndicho kilichoshinda. Hapakuwa na jaji. Ukiimba vibaya uliiona aibu yako ikitembea kwa miguu ya watu.

Nilikosea mara nyingi. Harusi moja kule kwetu Kasoli nilimsifu baba wa bwana harusi kwamba nyumba yake ina wake watatu kama mafiga matatu, chungu hakiyumbi. Kumbe yule baba alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa na wiki mbili kabla alikuwa amebakiza figa moja. Mke aliyebaki ndiye aliyenirushia kata ya maji. Safari nyingine nilifika Lamadi kwa wauza samaki, nikawaimbia pembe na nundu kama nilivyozoea. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliniambia bila hata kuinua kichwa, "Kaka, hizo sifa zako hazina magamba." Nikajifunza kwamba sifa lazima inuke kazi ya mwenyewe.

Sasa nije kwa Wagiriki.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa historia, mama mmoja mrefu aitwaye Mwalimu Kulwa. Siku moja badala ya kutufundisha vita, alitufundisha nyimbo. Alisema Wagiriki wa kale walikuwa na miungu mingi, na walikuwa na waimbaji waliozunguka mji hadi mji wakishindana, na kila mwimbaji kabla ya kuanza kisa chake kirefu alitanguliza sifa za mungu mmoja. Akatupa na mpango wake. Unamwita mungu kwa majina yake yote na mahali pake pote, usiache hata moja, maana huwezi kujua leo anapenda kuitwa lipi. Kisha unaeleza alivyozaliwa. Kisha unasimulia tendo moja kubwa alilolifanya, kwa kirefu, kama uliliona. Mwishoni unamuaga kwa heshima, unaomba unachoomba, na unaendelea na shughuli zako.

Darasa lilikuwa limelala. Mwalimu Kulwa akaona hivyo, akatoa mfano wa mungu mmoja aliyezaliwa pangoni, ambaye siku ile ile ya kuzaliwa alitoka kwenye nepi zake akaenda kuiba ng'ombe wa kaka yake, naye kaka huyo alikuwa mungu pia. Darasa likaamka lote.

"Wangapi, mwalimu?"

"Hamsini."

"Aliwapitisha wapi?"

"Aliwaswaga kinyumenyume, nyayo zikaonekana kama zinarudi zizini."

Kila mtoto wa mfugaji alikuwa anapiga hesabu kichwani. Kisha mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, na huyo wanamsali?" Mwalimu Kulwa akasema walimsali, ndiyo, tena kwa nyimbo nzuri sana. Akaongeza kwamba mtoto yule alishikwa, akapelekwa kwa baba yao, akarudisha ng'ombe, na kwa kupoza hasira za kaka yake akampa ala ya nyuzi aliyoitengeneza mwenyewe kwa gamba la kobe. Wakapatana, wakawa marafiki. Sehemu hiyo hakuna aliyeisikiliza. Tulikuwa bado tuko kwenye nyayo.

Jina la mungu huyo sikuweza kulitamka vizuri hata siku moja, kwa hiyo katika kazi yangu nilimwita Ng'wana Pango, Mtoto wa Pangoni.

Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa nyumbani. Nimezaliwa na nyayo zinazowasha. Nilipanda lori la pamba nikashuka Mwandoya, na pale nikamkuta aliyenifunza kazi, Maduhu. Alikuwa manju wa kikundi cha Bagalu, mtu mwembamba, mpole, mwenye zeze ambalo Meatu nzima ililijua. Kibuyu chake kilikuwa kimekolea moshi, na kigingi cha kukazia uzi alikichonga mfano wa kichwa cha korongo, mdomo mrefu. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika, hata mpwa wake Sitta aliyekuwa mpiga ngoma wetu mkuu. Mimi nilipewa kazi ya utangulizi: kuimba sifa kabla manju hajaingia.

Kwetu utangulizi ni wa kuwasifu walimu waliokutangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa kwanza aliyeleta ngoma na dawa ya kuvuta watu. Ukimruka mmoja umemwua mara ya pili. Ndiyo maana nilipomweleza Maduhu habari za Wagiriki hakushangaa hata kidogo.

"Hao Wagiriki," aliniuliza, "ni Bagika au Bagalu?" Bagika walikuwa wapinzani wetu.

"Sijui, baba. Ni watu wa zamani, wa ng'ambo."

"Wanaita majina yote bila kuruka?"

"Hawaruki."

"Basi ni Bagalu. Niimbie."

Nikamwimbia, kikundi kizima kikiwa kimekaa kinasikiliza. Nilikuwa nimetunga kwa Kisukuma, lakini kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

Ng'wana Pango, kitovu hakijakauka,
fimbo iko mkononi.
Umewageuza ng'ombe, umewageuza,
mikia inatangulia njiani,
kwato zinatazama nyumbani.

Vijana walipiga vigelegele. Sitta alipiga ngoma kwa mkono mmoja kwa kicheko. Maduhu peke yake aliuliza ilikuwaje mwisho. Nikamweleza habari za kurudisha, na ala ya gamba la kobe.

"Aliyeibiwa akakubali kupewa zeze?"

"Akakubali. Wakawa marafiki."

Maduhu alilitazama lake magotini. "Lilikuwa zeze zuri sana hilo," akasema. Kisha akaniamuru niikate sehemu ya mwisho. "Watu watakimbia kuja kuona ng'ombe wakiibwa. Hakuna atakayewaacha Bagika ili aje kuona ng'ombe wakirudishwa." Aliijua kazi. Nikaikata. Kusema kweli nilikuwa hata sijaitunga.

Tukaufanyia mazoezi wimbo ule wiki kadhaa, kisha tukaupeleka uwanjani Mwandoya, siku ya mnada, mwisho wa msimu wa ngoma, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kujikusanya. Nilisimama, upepo mgongoni. Nilipofika kwenye mikia inayotangulia, niliona miguu ya watu wote ikigeuka, upande wa Bagika wakabaki wazee wao watatu na mbwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile katika kazi. Ilidumu kama muda wa kunywa kikombe cha chai.

Maana katikati ya watu alitoka mwanamume mmoja, shati limelowa jasho, akaja moja kwa moja akanishika mkono. Hakunipiga. Alinishika tu, kama mtu aliyemkuta ndugu aliyepotea.

"Rudia," alisema.

"Nini, kaka?"

"Hapo pa kwato. Rudia."

Ndipo nikamtambua: Jilala, mkulima wa Bukundi. Alikuwa ameendesha baiskeli siku nzima kuja mnadani, kutafuta maksai wake wanne wa kulimia walioibwa. Na jambo lililomnyima usingizi halikuwa wizi peke yake, bali nyayo. Asubuhi ya wizi walipopiga mwano, yowe la kuita msaada, na majirani wakaja na fimbo, walikuta nyayo za maksai zote zinaingia zizini. Hakuna hata moja iliyotoka. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakamwambia Jilala kwamba maksai wake amewauza mwenyewe na anatafuta huruma. Sasa amefika Mwandoya na kumkuta mtu amesimama mbele ya umati akiimba namna walivyoibwa.

Ngoma ziliishia pale. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa chini katikati ya uwanja ule ule, mbele ya sungusungu. Kamanda wao alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, filimbi shingoni. Kikundi chetu chote kilikaa nyuma yangu, na Jilala kando.

"Huyo Ng'wana Pango," Kamanda alianza, "ni mtu wa kijiji gani?"

"Si mtu, mtemi. Ni mungu wa Wagiriki."

"Wagiriki wa wapi? Wa Shinyanga?"

"Wa Ulaya. Wa kale."

"Na ulijuaje walivyowageuza ng'ombe?"

"Nilifundishwa shule."

Kicheko kikapita uwanjani, lakini Kamanda hakucheka. "Shule inafundisha wizi wa ng'ombe?"

Nikaomba Mwalimu Kulwa apigiwe simu. Wakati ule mtandao Mwandoya ulipatikana juu ya kichuguu kimoja karibu na kinu cha pamba, kwa hiyo baraza lote lilihama likaenda kukizunguka kile kichuguu, nami nikapandishwa juu na simu ya Kichina yenye spika kubwa. Mwalimu alipokea akiwa jikoni, tulisikia sufuria.

"Mwangaluka, mwalimu," Kamanda aliita kutoka chini. "Kuna mwanafunzi wako hapa anasema mungu ameiba ng'ombe."

Tulimsikia Mwalimu Kulwa akiweka sufuria chini. "Ni kweli," alisema. "Lakini ni zamani mno."

"Alishikwa?"

"Alishikwa."

"Nani aliamua kesi?"

"Baba yao, mkubwa wa miungu."

"Mtuhumiwa alikiri?"

"Kwanza alikana. Alisema yeye ni mtoto mchanga, atawezaje."

Wazee walitikisa vichwa. Walikuwa wamekwisha kumsikia mtu wa namna hiyo mara nyingi. "Halafu?" aliuliza Kamanda.

"Halafu baba yake akacheka, akamwamuru arudishe. Akarudisha. Akampa mwenye ng'ombe ala aliyotengeneza kwa mikono yake, wakapatana."

"Na mwenye ng'ombe, aliuliza tena baada ya hapo?"

"Hakuuliza tena."

Kamanda aliwageukia wazee wenzake, wakanong'onezana. Kisha akatoa hukumu ambayo nadhani ni ya pekee duniani. Alisema mungu yule hana kesi Meatu, kwa kuwa alirudisha na alipoza. "Mwenye kosa ni mwimbaji," alisema, "aliyemwimba mtu akiiba na kuacha kumwimba akirudisha. Huko ni kumchafulia mtu jina."

Nilitaka kusema kwamba aliyeniambia nikate alikuwa Maduhu, lakini nilipogeuka nikamwona amelikumbatia zeze lake kama mtoto mwenye homa. Nikanyamaza.

Hapo Jilala akasema hataki habari za miungu, anataka maksai. "Mvua ikinikuta hivi hivi nitalima kwa kitu gani? Kwa meno? Nina mke, nina watoto, nina mama yangu ambaye hawezi tena kushika jembe. Nipeni maksai wangu, kisha mwimbieni mnayemtaka."

Kamanda akataka kwanza kuona kama jambo lenyewe linawezekana. Akaleta maksai mmoja, akaamuru mtu amsukume nyuma. Maksai akakataa. Wakamsukuma wawili, akalala. Akaja Sitta wetu, akijidai, akamsemesha na kumvuta mkia, akapigwa teke la paja, umati ukafurahi kuliko ulivyofurahia wimbo wangu. Ndipo mwenye maksai mwenyewe akaja, akamgusa kifuani, akamwambia polepole, "Rudi, baba, rudi." Maksai akarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama anavyorudishwa kwenye plau mwisho wa tuta.

Uwanja mzima ukaelewa kwa pamoja. Mgeni hawezi kumrudisha maksai nyuma. Ni mtu aliyekwisha kulima naye.

"Jilala," Kamanda aliuliza taratibu, "msimu uliopita nani walikulimia?"

Jilala alitutazama sisi. Kikundi chetu, kama vikundi vingi vya ngoma, kilikodiwa kulima wakati wa masika, tukilima na kuimba. Msimu uliopita tulikaa Bukundi, shambani kwake, na kila mmoja wetu alikuwa amewashika maksai wale. Nami ndiye niliyeimba mbele ya kikundi chote jinsi ya kuwaiba.

Hukumu ya pili ilikuwa fupi. Nizunguke kijiji hadi kijiji, kutoka Mwandoya mpaka Bukundi, niimbe wimbo wote pamoja na mwisho wake. Mnada ujao, maksai wasipokuwa nyumbani kwa Jilala, kikundi chetu kitatengwa: hakuna wa kutusalimia, hakuna wa kutupa moto wala maji, wala wa kutusaidia kuzika. Ngoma zitachomwa.

Vijana, mnaposema siku hizi kwamba mtu "amewafungia" mtandaoni, mnadhani mmetengwa. Kutengwa ni mama yako kupita nje ya ua wako akiwa na mtungi wa maji na asigeuze shingo.

Nikaondoka na baiskeli. Maduhu alikuja nami, zeze mgongoni, ingawa hakuna aliyemwamuru. Sehemu ya mwisho ya wimbo niliitunga njiani, mdomo umejaa vumbi, na ndiyo tungo iliyonitesa kuliko zote nilizowahi kutunga. Wizi unajiimba wenyewe, una mbio ndani yake. Kurudisha hakuna mbio. Mtu anatembea na ng'ombe mchana, kila mtu anamwona, anainamisha kichwa. Utaimbaje hivyo watu wasisinzie wala wasiondoke? Ni Maduhu aliyenipa ufunguo. Aliniambia nisimwimbe kama aliyeshindwa, nimwimbe kama bwana harusi anayepeleka ng'ombe ukweni.

Ng'wana Pango, fungua uso, pita katikati ya njia,
wanawake wanahesabu pembe zako.
Kwato zinatazama nyumbani, na ni kweli.
Mkono uliobeba fimbo
sasa umebeba zeze.

Tuliimba hivyo kijiji hadi kijiji. Watu hawakukimbilia kusikiliza. Walisimama kwa mbali, wakasikiliza wakiwa wamekunja mikono, maana habari zilikuwa zimetutangulia. Katika kijiji cha mwisho kabla ya Bukundi, nilipofika kwenye mkono uliobeba zeze, mlio ulikatika. Nikageuka. Maduhu alikuwa ameondoa upinde kwenye uzi, anatazama chini. Nilimalizia bila ala.

Asubuhi aliniambia kifua kinamsumbua, anarudi nyumbani. "Wewe endelea. Umekwisha kuujua." Akaondoka, nami nikaenda Bukundi peke yangu, nikaimba mbele ya ua wa Jilala, mke wake akinitazama dirishani na mama yake akijaribu kunisamehe na kushindwa.

Siku moja kabla ya mnada, Jilala alinijia mbio nilipokuwa nimefikia. Alinivuta mkono. Maksai walikuwa zizini, wote wanne, wanacheua kama watu waliotoka matembezini. Nyayo zilikuwa zinaingia, na safari hii zilikuwa zinasema kweli. Juu ya mti wa lango la zizi lilining'inia zeze, kibuyu kimekolea moshi, kigingi cha kichwa cha korongo.

Kamanda alipofika alisimama mbele ya zeze lile muda mrefu. Alilijua. Kila aliyekuwa pale alilijua.

"Mwimbaji," aliniita. "Katika wimbo wako, mwenye ng'ombe aliuliza tena?"

Jilala alikuwa ananitazama. "Hakuuliza, mtemi," nikasema.

"Jilala?"

Jilala aliwatazama maksai wake, kisha mawingu. "Siulizi," alisema.

Kamanda akapuliza filimbi, na kesi ikaisha.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, vijana, na sijawahi kutoka. Maduhu aliendelea kuimba miaka mingine kadhaa bila zeze. Nilimwuliza mara moja tu. "Baba, zeze liko wapi?" Akanijibu, "Limepata mwenyewe." Sitta, mpwa wake, aliondoka wiki ile ile ya mnada, akasema anakwenda Lamadi kwa wavuvi, na hakurudi Mwandoya tena, hata mjomba wake alipozikwa. Je, Maduhu ndiye aliyewaiba maksai, mzee yule aliyeniambia nikate sehemu ya kurudisha? Au Sitta aliiba kwa mchezo, kwa sababu wimbo wangu ulimwonyesha, na mjomba akalipia kwa kitu pekee alichokipenda? Niliimba wizi, ukatokea. Niliimba kurudisha, kukatokea. Nifundishe nini hapo? Nikiwaambia sifa ina nguvu, mtaniuliza kwa nini nilimsifu diwani fulani kwa kisima, na kisima mpaka leo ni mashairi matupu. Katekista aliniambia nilimwita pepo na pepo akaitika. Mwalimu Kulwa alicheka akasema ni watu tu, wamesikia kisa kizuri. Wote wawili niliwakubalia.

Mwaka jana, koo likiwa limekwisha kufa kabisa na miguu bado ikiwasha, nilipita Bukundi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nikamkuta Jilala alfajiri pembeni mwa shamba, mvi kichwani, na maksai wawili ambao bila shaka walikuja baada ya wale wa zamani. Nira ilikuwa chini. Yeye alikuwa amelishika zeze la Maduhu, analikwaruza vibaya kabisa, na anaimba.

"Mwangaluka, Jilala. Unamwimbia nani?"

"Ng'wana Pango."

"Si wewe uliyesema hutaki habari za miungu?"

"Bado sizitaki. Jumapili niko kanisani." Alikaza kigingi cha korongo. "Huyu simsali. Namsalimia. Alikwisha kuijua njia ya hapa, na tulipatana. Usipomsalimia mtu mliyepatana naye, anaweza kusahau." Akakwaruza tena, akasimama. "Kuna mstari umenipotea. Baada ya wanawake wanaohesabu pembe."

Sauti sina. Nilimsogelea nikamnong'oneza sikioni kwamba kwato zinatazama nyumbani, na ni kweli. Akauimba, nje kabisa ya mdundo. Kisha akalitundika zeze kwenye mti, akainua nira, na kabla hajasema neno wale maksai wawili walirudi nyuma wenyewe, hatua kwa hatua, wakaingia chini yake.